Kiti Kimesema

Bastola ya kuanzia mbio ilipolia, wasichana watano waliondoka na mmoja akabaki. Alibaki vile vile alivyoinama, vidole vimegusa mstari wa chokaa, goti moja chini, uso umeelekea mbele kama mtu anayetafuta sindano mchangani. Watu waliojaa Mnazi Mmoja walicheka kwanza. Walidhani ni maringo ya bingwa: atawaachia wenzake hatua kumi, kisha awafuate na kuwapita kwenye kona. Lakini wale watano walipoifikia kona na yeye hajanyanyua hata kisigino, kicheko kilikatika kama uzi.

Bi Mwatima, mama yake, alikuwa upande wa wanawake. Alisimama. "Mwanakheir," alisema, kwa sauti isiyoweza kumfikia hata aliyekaa ubavuni pake. "Inuka, mwanangu. Inuka basi."

Aliyemfikia wa kwanza ni Bwana Borafya, mwalimu wa mbio, taulo begani na filimbi mdomoni. Alimwinamia akamwambia neno, akamwambia tena. Halafu akaanza kumbandua vidole chini, kimoja kimoja, kama abanduaye chaza mwambani.

"Kapandwa na pepo yule!" mwanamme mmoja alipiga kelele.

"Pepo gani! Anasubiri basi la Bububu!"

Kicheko kikarudi, safari hii kibaya. Ganda la chungwa liliruka kutoka kwenye umati, likaangukia karibu na miguu ya mwalimu. Bi Mwatima alijifunika buibui mpaka puani, akateremka akiomba njia, na kila aliyempisha alimpisha kwa heshima ile watu wanayolipishia jeneza.

Waliishi Malindi, vyumba viwili vya chini katika jumba ambalo zamani lilikuwa la tajiri mmoja na sasa lilikuwa la serikali, lenye familia sita na bomba moja. Mzee Machano, mume wake, alikuwa seremala katika karakana ya serikali, na vyumba walivipata kwa kazi hiyo. Barua ya vyumba aliitia ndani ya kasha, na kila mvua ikinyesha aliitoa kuitazama kama haikulowa.

Siku tatu Mwanakheir hakutoka nje. Chakula alikitia mdomoni, akakitafuna mpaka kikawa uji, asikimeze. Mikono yake ilikuwa baridi na jua linawaka. Hospitali walimpima, na daktari akasema tokea aanze kazi hajasikia kifua kizima kama kile. Bi Mwatima akarudi nyumbani amefedheheka, kana kwamba amekwenda kuomba kitu alichokuwa nacho.

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi, mama."

"Basi una nini?"

"Sijui. Nikilala nnakimbia. Nikiamka nshachoka."

Siku ya nne Bwana Borafya alipiga hodi. Mwanakheir alipoisikia tu sauti yake, aliondoka mkekani, akaingia chumba cha ndani na kujibana baina ya kabati na ukuta, msichana wa miaka kumi na tisa, mrefu kuliko baba yake.

"Shikamoo Mzee. Shikamoo Bi Mwatima."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Mwalimu alikaa, akaweka kifuko cha sukari mbele yake. "Ratili mbili hizi, fungu la mkimbiaji. Bingwa wetu hajambo?"

"Hajambo kidogo, alhamdulillahi," alisema Bi Mwatima.

"Basi arudi kambini kabla ya safari. Meli ya mashindano ni Alhamisi ijayo, saa tisa za mchana. Majina yameshapelekwa Dar es Salaam, yameshasomwa redioni. Mzee Machano, ulisikia?"

"Nilisikia."

"Atakuwa tayari?"

"Inshallah," alisema Mzee Machano. Kwa mwenye kumjua, inshallah yake ilikuwa na maana nyingi, na nyingi katika hizo zilikuwa hapana. Lakini mwalimu hakuwa akimjua.

Bi Mwatima alitazama sukari. "Mwalimu, mtoto hali, halali. Mukimpeleka kambini mutamwamsha na alfajiri bado, mutamweka mizani kama mbuzi wa Idd. Mara jukwaani akapigiwe makofi, mara skuli akasemeshwe na watoto. Atapumzika lini?"

Bwana Borafya alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Mama yangu, mwili ule si wake tena. Ni wa nchi nzima. Hata wangu mimi si wangu." Aliinama kuifunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa. "Nimetia saini kwamba atafika. Asipofika, ntaulizwa mimi. Na mimi nseme nini? Kwamba hakutaka? Siku hizi neno 'hakutaka' linaweza kusomwa vibaya."

Hakuna aliyemuuliza vibaya vipi.

Tokea Mwanakheir ashinde mita mia nne mwaka uliopita, Bi Mwatima alikuwa hasimami tena kwenye foleni ya mchele. Karani wa duka akimwona tu, humwita kwa sauti: "Mama bingwa, pita!" Naye hupita, akiona haya lakini akipita. Jumamosi ile miguu ilimpeleka mbele yenyewe, kikapu mkononi, mpaka kwenye meza ya mizani, kabla hajakumbuka kwamba hakuna aliyemwita.

Karani aliendelea kupima. "Nyuma, bibi."

"Mimi ni mama yake..."

"Nakujua. Mwanao kasimama pahala pamoja, na wewe hebu kasimame."

Wanawake walicheka. Baadhi yao walikuwa wamengoja miezi kumi kucheka hivyo, na Bi Mwatima hakuweza kuwalaumu. Alirudi nyuma, akizitazama ndara za watu, jozi baada ya jozi, mpaka mwisho wa foleni. Mchele ulikwisha wakati wamebaki watu watatu mbele yake.

Jirani yake Kidawa alimgawia kibaba chake kimoja njiani. "Shoga," alimwambia, "hayo ya mwanao hayataki daktari. Mwite dada yako Wanu."

Bi Wanu alikuja Jumapili kutoka Mkokotoni, na mkoba wa ukili uliojaa ubani, udi na chupa za marashi. Alikuwa fundi wa pepo. Wanawake wa kaskazini nzima walimjua. Alimfunua Mwanakheir macho, akamnusa utosi, akamshika vidole vya miguu kimoja kimoja. Kisha akamvuta mdogo wake mpaka uani, karibu na bomba.

"Hana pepo huyu. Hana hata harufu yake."

"Basi ana nini, dada?"

"Ana watu. Na watu wabaya kuliko pepo, kwa sababu hawana ubani wao."

Bi Mwatima alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Meli ni Alhamisi."

"Nisikilize. Pepo hana, lakini tunaweza kumpa. Binaadamu akikataa, huitwa tawi la chama akaulizwa. Pepo akikataa, nani atamwita? Pepo huletewa ubani, hubembelezwa. Jumatano nitamkalisha. Mwite mwalimu, mwite na mwenyekiti wenu wa tawi, waje wasikie kwa masikio yao. Mimi ntauliza, na yeye ajibu kwa sauti nzito: 'Sitaki mbio, sitaki bahari.' Basi. Nani atathubutu kumtia melini? Si ataogopa meli isizame?"

Bi Mwatima alicheka, mara ya kwanza tokea siku ya mbio, na alipokuwa akicheka machozi yakamtoka, ikabidi afungue bomba ili wapangaji wa juu wasisikie.

Jioni alimweleza Mwanakheir, ambaye alikuwa amekalia mbuzi akikuna nazi. Alimweleza polepole, kama anayemlisha mgonjwa. Mwanakheir alisikiliza mpaka mwisho.

"Na mukishamtoa?"

"Nani?"

"Huyo pepo. Pepo si hutolewa? Mukishamtoa ntakuwa nshapona, na mzima hana sababu. Watanirudisha kambini siku hiyo hiyo."

"Basi hatutamtoa."

"Mutaniweka kiti cha pepo maisha yangu yote? Hata nikiomba chumvi, mutaulizana ni mimi nnayeomba au ni yeye?"

Bi Mwatima hakuwa amefikiri mpaka hapo. Alizoa machicha yaliyomwagika, akayarudisha kwenye sinia. "Unaogopa kushindwa? Ndiyo hilo? Sema tu. Hata ukiwa wa mwisho wewe mwanangu."

"Ningekuwa naogopa kushindwa ningekimbia, mama. Ningelala nyumbani, nikaamka, nikakimbia, nikashindwa." Alisimamisha mikono. "Mbio nnazipenda. Ndilo linalonitisha. Siku ile niliinama pale, nikasikia kila mtu ananivuta, huyu mkono, huyu mguu, na mimi mwenyewe sina pakujishika. Nikipanda meli ile ntazichukia. Halafu ntabaki na nini?"

"Na baba yako?" Bi Mwatima alisema taratibu. "Kazi yake? Vyumba hivi? Mwanangu, nakuomba. Maneno mawili tu, na shuka usoni. Hata macho yao hutayaona."

Mwanakheir alirudi kukuna. Alikuna mpaka meno ya mbuzi yakaanza kukwaruza kifuu.

"Ntakaa," alisema.

Lilikuwa neno la kukubali, lakini Bi Mwatima hakupata raha nalo. Alilala nalo, akaamka nalo. Mtoto alisema atakaa. Hakusema atasema.

Jumatano baada ya sala ya alasiri chumba cha mbele kilijaa moshi wa ubani. Mwanakheir alikalishwa juu ya kibao cha mninga, kafunikwa shuka jeupe toka kichwani. Kidawa na wanawake wawili wa ghorofa ya juu walipiga makofi ya polepole. Bwana Borafya alikuwa amekaa dirishani, kitabu chake cha majina kwenye mapaja, na pembeni yake mwenyekiti wa tawi, Bwana Makungu, mtu mzito, akijipepea kwa kofia yake. Mzee Machano alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

Mwenye kupandwa na pepo huitwa kiti. Kiti hakisemi; husema aliyekikalia. Hilo hata Bwana Makungu, aliyezoea kuwaambia watu kwamba mambo ya mashetani yamepitwa na wakati, alilijua vizuri, na ndiyo maana alikaa mbali na chetezo.

Bi Wanu aliyarushia makaa ubani mwingine. "Ewe mgeni, salamu zako. Jina lako nani?"

Shuka halikutikisika.

"Umetoka wapi? Bara au baharini?"

Makofi ya wanawake yalipungua, yakangoja.

"Tuambie unataka nini. Unataka nguo? Unataka pete? Au kuna kitu hutaki?"

Bi Mwatima aliuona mkono wa dada yake ukiingia chini ya shuka, akajua anamfinya mtoto paja. Sema, aliomba kimoyomoyo. Mawili tu. Bwana Makungu alikohoa, akatazama saa.

Mwanakheir alilivua shuka. Alilivua mwenyewe, akalikunja mara mbili, akaliweka mapajani. Alikuwa amelowa jasho, na midomo imemkauka.

"Shikamooni," alisema.

Walikuwa wamejitayarisha kwa yote isipokuwa hilo, maana pepo hatoi shikamoo. "Marahaba," waliitikia, hata Bi Wanu.

"Mimi ni Mwanakheir Machano. Sina pepo." Alilishika shuka lililokunjwa kwa mikono miwili. "Meli ya kesho siendi. Na kambini sirudi kulala, ntalala kwetu. Na jukwaani sipandi tena. Mbio sikuziacha, mwalimu. Siku ntakapoweza, ntakuja uwanjani kwa miguu yangu nikwambie. Wewe usije kunichukua."

Mmoja wa wanawake wa juu alitia ncha ya kanga mdomoni. Bwana Borafya alikuwa amekifungua kitabu, kalamu mkononi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa ashike kaa la moto.

"Binti," alisema kwa upole. "Pepo naweza kumwandika. Pahala pake papo, ntamwandika maradhi, na hakuna atakayeuliza. Nakuomba. Jifunike tena hilo shuka."

"Andika nimechoka."

"Kuchoka si maradhi!" Sauti ilimpanda ghafla. "Sote tumechoka!"

Baada ya hapo hakuna aliyemtazama mwenzake. Mwalimu mwenyewe aliinamia kitabu, na Bi Mwatima akaona kwamba anazinyoosha pembe za ukurasa ambazo hazikukunjika. Kwa mara ya kwanza alimwonea huruma, na hakupenda kumwonea huruma.

"Mzee Machano," alisema Bwana Makungu. "Wewe ndiye baba. Unasemaje?"

Wote waligeuka mlangoni, wakaingoja inshallah yake. Mzee Machano alijifuta uso.

"Kasema mwenyewe."

"Nakuuliza wewe."

"Na mimi nakujibu. Kasema mwenyewe."

Bwana Borafya aliishikilia kalamu juu ya karatasi mpaka tone la wino likaanguka na kuenea. Kisha akafunga kitabu. "Ntapaacha wazi," alisema, si kwa mtu yeyote, akatoka bila ya kunywa kahawa aliyopikiwa. Bwana Makungu akamfuata.

Bi Wanu alianza kukusanya chupa zake. "Miaka thelathini nnafanya kazi hii," alisema, "leo ndiyo siku ya kwanza kuona kiti kinajisemea." Hakuna aliyejua kama anasifu au analaumu.

Bi Mwatima alipobaki na mwanawe alitaka kumkumbatia, lakini lililomtoka ni jingine. "Umetumaliza, Mwanakheir."

"Najua, mama," Mwanakheir alisema, na akaenda kuosha vikombe.

Alhamisi asubuhi Mzee Machano alikwenda kazini kama kawaida. Bi Mwatima alimsindikiza mpaka mwisho wa kichochoro, jambo ambalo hakulifanya tokea walipooana, na hakujua kama atafunguliwa lango la karakana au atarudishwa. Saa nne hakurudi. Saa sita hakurudi. Ilikuwa dalili njema, au haikuwa dalili ya kitu.

Baada ya adhuhuri Mwanakheir alijinyoosha juu ya mkeka wa chumba cha mbele, akasema anapumzisha mgongo. Alipogeuka Bi Mwatima kumwangalia, alikuwa amekwisha kulala, mdomo wazi, mguu mmoja umetoka nje ya mkeka mpaka sakafuni. Saa tisa meli ilipiga honi. Bandari iko hapo hapo, na honi ile hutikisa vyombo kwenye rafu. Ililia mara moja, ikalia tena, ikalia ya tatu. Bi Mwatima alipiga magoti kando ya mtoto, viganja viwili tayari juu ya masikio yake, kama anayetaka kushika kipepeo. Mwanakheir alimeza mate, akageukia ukutani, akaendelea kulala.

Robo saa haikupita, viatu vikalia kichochoroni. Vilikuwa viatu vyenye misumari, na juu ya mawe yale kila hatua ilisikika tokea mbali. Vikaja mpaka mlangoni.

"Hodi."

Bi Mwatima alitoka mbio, akaurudisha mlango nyuma yake. Alikuwa Bwana Makungu, na kitabu cha majina mkononi.

"Karibu, mwenyekiti. Lakini karibu hapa hapa."

"Meli imeondoka."

"Nimeisikia."

"Kitabu kimeletwa tawini. Pahala pa binti yako pako wazi, na wakubwa hawapokei pahala wazi. Wanataka neno moja kabla ya magharibi. Anaumwa, au amekataa? Mwite aje aseme."

Mumewe hayupo, mtoto kalala, kichochoro kitupu. Anaumwa: lilikuwa tayari ulimini, jepesi, na hakuna ambaye angejua isipokuwa Mungu, na Mungu ni mwingi wa kusamehe. Bi Mwatima alilisikia utamu wake. Halafu akawaza siku mtoto atakapoamka na kuuliza, mama, walikuja? Uliwaambia nini?

"Amekataa," alisema. "Na mimi mama yake nimekataa pamoja naye. Na kumwamsha simwamshi."

Bwana Makungu alikifungua kitabu. "Unajua unalolisema, Bi Mwatima?"

"Sijui. Ningelijua ningeogopa zaidi."

Mwenyekiti alikiegemeza kitabu ukutani, akaandika. Bi Mwatima alifuata ncha ya kalamu kwa macho. Yeye alisomeshwa chuoni, herufi za Kurani alizijua zote, lakini hizi za kwenda upande wa pili hazikumwambia kitu. Lilikuwa neno moja. Urefu wake aliuona; maana yake hakuipata.

"Umeandika lipi?"

Bwana Makungu alikifunga kitabu, akakitia kwapani. "Kalala toka saa ngapi?"

"Toka adhuhuri."

"Hakuisikia honi?"

"Hakuisikia."

Alitikisa kichwa, na uso wake haukusema ni kwa huruma au kwa hasira. Akavitazama viatu vyake, halafu mawe ya kichochoro, halafu mlango uliorudishwa. Akageuka. Yule mtu mzito akaanza kwenda kwa ncha za vidole, mkono mmoja umeshika ukuta asianguke, hatua baada ya hatua, hata msumari mmoja usilie, mpaka alipofika kwenye kona.

Kulia ni nyumbani kwake mwenyekiti. Kushoto ni tawini, ambako wakubwa wanalingoja neno. Alipopinda tu, Bi Mwatima alimpoteza, na viatu vikaanza kulia tena. Akasimama pale pale, mkono kwenye kitasa, akivisikiliza vinaelekea wapi.